Karatasi ya Laki Nne: kisa cha abiria aliyevunjika paja na njia ndefu ya kupata msaada

Kisa hiki kimetoka katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria. Wahusika wameridhia kiandikwe kwa ajili ya mafunzo, na kwa sababu hiyo majina, tarehe, namba za magari na majina ya taasisi zilizowahudumia yameondolewa. Kilichobaki ni mfululizo wa mambo kama yalivyotokea, pamoja na maamuzi ambayo baadhi yake tuliyafanya sisi wenyewe vibaya.

Usuli

Mhusika mkuu, ambaye hapa ataitwa Bi. M., alikuwa mama wa watoto wawili na mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Alikuwa na mkataba wa ajira wa maandishi, hakuwa na bima ya afya, na alikuwa mwanachama wa kikoba cha mtaani kwake. Siku ya ajali mwajiri alimtuma Morogoro kuhesabu mali katika stoo ya tawi. Mwenzake wa kazini, Bw. K., alikuwa na gari dogo aina ya Toyota IST, hivyo mwajiri akawatumia pesa ya mafuta na ya chakula kwa simu, wakaondoka alfajiri na kuanza kurudi alasiri.

Gari la Bw. K. lilikuwa na bima ndogo tu, kama yalivyo magari mengi ya watu wa kawaida nchini Tanzania. Bima hiyo, ambayo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe nayo, ipo kwa ajili ya mtu wa tatu anayeumizwa na gari. Mwenye gari anayetaka chuma chake kitengenezwe hata akikosea yeye hukata bima kubwa. Tofauti hii inajulikana sana vijiweni, ila tuligundua kwamba hakuna mwanafamilia hata mmoja aliyekuwa ameifikiria kutoka upande wa abiria, yaani kwamba bima ndogo ya gari lililowagonga ilikuwa ndiyo kinga ya Bi. M.

Jioni ya ajali

Ajali ilitokea saa kumi na mbili kasorobo jioni, katika barabara kuu ya Morogoro, kati ya Chalinze na Mlandizi, wakati wa rasharasha. Kenta, yaani lori dogo, iliyokuwa ikitokea Dar es Salaam ililipita lori la mizigo mahali ambapo haikuruhusiwa kulipita, ikawa uso kwa uso na IST. Bw. K. alichepuka kushoto. Kenta ikaigonga IST nyuma, upande wa kulia, gari likazunguka na ubavu wake wa kushoto ukajipigiza kwenye ukuta wa kalavati. Mlango wa abiria uliingia ndani na kumbana Bi. M. paja.

Watu waliofika kwanza walikata matawi ya miti na kuyapanga barabarani pande zote mbili, ishara ambayo kila dereva wa njia hiyo anaielewa. Kijana wa bodaboda alipiga picha kadhaa kwa simu yake, na moja ya picha hizo ilionyesha namba ya kenta pamoja na mahali ilipokuwa imesimama, ikiwa imekatisha mstari mweupe wa katikati. Dereva wa kenta hakuonekana. Alikimbia kwa kuhofia kupigwa na wananchi, akajisalimisha mwenyewe kituo cha polisi usiku ule ule.

Bi. M. alianza kutolewa kwa kuvutwa mikono, akapiga kelele, watu wakasita. Aliyemwokoa mguu alikuwa muuguzi aliyekuwa abiria katika basi lililosimama: aliamuru kila mtu aachie, akaomba khanga mbili, akaufunga mguu uliovunjika pamoja na mguu mzima kuanzia juu ya magoti hadi kwenye vifundo, ndipo akaelekeza watu wanne wambebe kwa pamoja kama ubao. Alipelekwa kwa pikapu hadi kituo cha afya cha karibu. Katika hekaheka hizo mkoba na simu yake vilitoweka.

Bw. K. alibaki. Madereva waliokuwa wamekwama kwenye foleni walimpigia kelele asogeze gari njia ifunguke, naye akakataa mpaka trafiki apime. Trafiki alifika baada ya saa moja hivi, akapima umbali kutoka ukingo wa barabara, akachora mchoro, akampa Bw. K. namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Ukaidi ule wa saa moja mvuani ulikuja kuwa na thamani kubwa kuliko alivyodhani.

Siku kumi na moja za kwanza

Kituo cha afya kilimhudumia Bi. M. kwa dharura bila kusubiri fomu ya polisi, wakamfunga gango, wakampa dawa ya maumivu na kumpa rufaa. Fomu yenyewe, yaani PF3, aliifuata kaka yake mkubwa kituo cha polisi usiku wa manane. Daktari wa zamu aliijaza sehemu yake kabla ya picha ya eksirei, akaandika kwamba mgonjwa ana maumivu na uvimbe pajani. Hakuandika uongo, kwani hayo ndiyo aliyoyaona. Siku iliyofuata, katika hospitali kubwa, eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika sehemu mbili na kwamba Bi. M. angehitaji upasuaji wa kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Maelezo haya hayakuwahi kuingia kwenye PF3, na hakuna aliyetoa nakala ya fomu hiyo kabla ya kuirudisha polisi.

Hapo ndipo suala la fedha lilipoanza kuwabana. Kikoba kilitoa 150,000 kutoka mfuko wa jamii, kundi la ukoo la WhatsApp likachanga, na dada mdogo wa Bi. M. akanunua kauntabuku ya kuandika kila kilichoingia na kilichotoka. Dada huyu hakuwa na elimu ya uhasibu. Alichofanya ni kubandika kila risiti kwenye ukurasa wa siku yake, na kwa matumizi yasiyo na risiti, kama nauli ya bajaji, aliandika tarehe, safari ilikoanzia na ilikoishia, kiasi, jina na namba ya simu ya dereva, kisha akamwomba dereva atie sahihi. Baadhi ya madereva walimcheka.

Siku ya nne mwenye kenta alikuja hospitali. Alikuja kwa heshima, na matunda, akamsalimu mgonjwa na kumwita kaka yake pembeni. Alisema gari lake bima yake imekwisha, kwamba mahakamani watazungushana miaka, na kwamba yeye ni mtu mwenye utu. “Kaka, tuyamalize kiutu uzima.” Akatoa shilingi 400,000 na karatasi iliyochapwa tayari, yenye aya mbili, ya pili ikisema kwamba familia imepokea kiasi hicho kama malipo kamili na haitadai chochote tena kwa mtu yeyote kuhusiana na ajali ile. Kaka mkubwa alitia sahihi kama mwakilishi wa familia. Bi. M., aliyekuwa wodini mita thelathini kutoka hapo, hakuulizwa.

Sitaki msomaji amhukumu kaka huyu haraka. Ilikuwa Jumanne, upasuaji ulihitaji malipo ya kuanzia kabla ya Alhamisi, na michango ilikuwa imefika chini ya nusu. Aliponieleza baadaye alisema tu kwamba nusu shari ni bora kuliko shari kamili, na kwa hesabu aliyokuwa nayo mkononi siku ile hakuwa na kosa la kimantiki. Kosa lilikuwa kwenye hesabu yenyewe, iliyokosa mistari miwili: bima ya kenta na fidia ya kazini.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Familia ilitufikia siku ya kumi na mbili, kupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Walikuwa wamemwendea kuomba msamaha wa gharama. Yeye aliwapangia kulipa deni kwa awamu, akawauliza maswali mawili ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameyauliza: safari ilikuwa ya nani, na gari lililowagonga lina bima gani.

Tulianza na swali la pili kwa sababu lilikuwa rahisi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki stika ya bima mtandaoni kwa kutumia namba ya gari. Tuliingiza namba iliyokuwa kwenye picha ya kijana wa bodaboda. Bima ya kenta ilikuwa hai siku ya ajali, na ingeisha wiki tatu baadaye. Tulipiga picha ya ukurasa huo, tukauchapa na kuandika juu yake tarehe na saa, kwa sababu tulihofia kwamba baada ya muda taarifa ya bima mpya ingeonekana badala ya ile tuliyoihitaji.

Uamuzi wa pili ulihusu laki nne. Kulikuwa na maoni ofisini kwamba fedha zirudishwe mara moja ili karatasi ife. Zilikuwa zimekwishaingia kwenye upasuaji, na kuzitafuta upya kungemaanisha mkopo. Tuliamua badala yake Bi. M. mwenyewe, ambaye ni mtu mzima mwenye akili timamu, aandike barua kwa mwenye kenta na kwa kampuni ya bima akieleza kwamba hakumtuma mtu yeyote kumwakilisha, hakuona makubaliano hayo wala kuyaridhia, na kwamba kiasi kilichopokewa kihesabiwe kama malipo ya awali. Barua ilisainiwa kitandani mbele ya wakili wa kujitolea.

Uamuzi wa tatu ulitokana na swali la kwanza la afisa ustawi. Safari ya kwenda kazini na kurudi nyumbani ni jambo moja, na safari ambayo mwajiri amekutuma katikati ya kazi ni jambo jingine; ajali katika safari ya aina ya pili ni ajali ya kazini, na mwathirika anastahili kushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri bila mfanyakazi kukatwa chochote. Mwajiri wa Bi. M. alikuwa amesajiliwa na alikuwa akichangia kila mwezi. Hakuwa ametoa taarifa kwa sababu alidhani Mfuko ni kwa watu wanaokatwa vidole na mashine viwandani.

Ushahidi wa kwamba alimtuma ulikuwa kwenye simu iliyoibwa. Bi. M. aliporudishiwa laini yake aliomba kampuni ya simu taarifa ya miamala, na muamala wa pesa ya mafuta ulionekana, pamoja na jina la mtumaji na saa ya usiku wa kuamkia safari. Maagizo ya kwenda kuhesabu mali yalipatikana kwa mfanyakazi mwenzao, kwa kuwa yalikuwa yameandikwa kwenye kundi la kazini. Mwajiri alipoonyeshwa vyote viwili hakubisha. Alijaza fomu za taarifa siku hiyo hiyo, na nadhani angezijaza hata bila kuonyeshwa kama mtu angemweleza tu kwamba zipo.

Wa nne ulihusu PF3. Tulimwomba daktari bingwa aliyempasua atoe ripoti kamili ya kitabibu, ikieleza aina ya mvunjiko, upasuaji uliofanyika, muda wa kupona na kiwango cha ulemavu kitakachobaki baada ya matibabu kukamilika. Kipengele hiki cha mwisho kilitulazimu kusubiri, kwa maana ulemavu wa kudumu haupimwi mgonjwa akiwa bado na magongo. Familia ilitaka madai yapelekwe haraka. Tulikataa, tukitegemea kwamba sheria ya ukomo wa muda inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya namna hii, huku Mfuko ukitaka taarifa ndani ya miezi 12. Taarifa tulikuwa tumekwishatoa, hivyo kusubiri hakukuwa na hatari.

Matokeo

Mfuko ulikubali kwamba ajali ilitokana na kazi. Ulibeba gharama za matibabu, zikiwemo zile zilizokuwa zimelipwa na familia zenye risiti, na ukamlipa Bi. M. fidia ya ulemavu wa muda, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi yote ambayo hakuweza kufanya kazi. Mazoezi ya viungo nayo yalilipiwa.

Kesi ya usalama barabarani haikuchukua muda. Dereva wa kenta alikiri kosa, akatozwa faini, na sisi tukaomba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Kampuni ya bima, iliyokuwa imekwisha kutujibu mara moja kwamba suala lilishamalizwa kwa makubaliano ya siku ya nne, iliandikiwa upya ikiambatishiwa hukumu, mchoro wa trafiki, ripoti ya daktari, barua ya Bi. M. na orodha ya yale yaliyolipwa na Mfuko, ili gharama moja isidaiwe mara mbili. Nakala ya barua ilipelekwa TIRA. Mazungumzo yalianza ndani ya mwezi, na malipo kwa ajili ya maumivu, ulemavu wa kudumu na gharama zisizofidiwa kwingine yalifanyika miezi kumi na tatu tangu ajali, baada ya kuondoa laki nne. Kiasi sikitaji kwa makusudi, kwa sababu uzoefu umenionyesha kwamba kikiandikwa, wasomaji hukichukua kama bei ya mguu na kwenda nacho kwenye kesi zisizofanana.

Bi. M. amerudi kazini. Mguu wa kushoto umebaki mfupi kwa sentimita mbili, na fundi viatu wa mtaani kwake humwongezea soli kwenye kila kiatu anachonunua.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mambo matatu ya dakika za mwanzo ndiyo yaliyobeba kisa kizima, na hakuna hata moja lililofanywa na mtaalamu wa sheria. Khanga za muuguzi ziliuzuia mfupa usitembee na kuharibu mishipa. Picha ya kijana wa bodaboda ilitupatia namba ya gari, na kupitia namba hiyo bima. Kukataa kwa Bw. K. kusogeza gari kuliufanya mchoro wa trafiki uonyeshe hali halisi, kwa hiyo mwenye kenta hakupata nafasi ya kudai kwamba IST ndiyo iliyohama upande. Palipo na hatari ya moto au ya kugongwa tena, usalama wa watu hutangulia na gari lisogezwe. Hapo angalau picha zipigwe kwanza, za karibu na za mbali.

Lililonishangaza zaidi ni kauntabuku. Ofisini tulizoea kupokea bahasha za risiti zilizokunjamana, nyingine zimefutika wino, nasi tukakaa siku nzima kukisia zilihusu nini. Maofisa waliopitia daftari la dada hawakuuliza swali hata kwenye nauli za bajaji zisizo na risiti, kwa kuwa palikuwa na namba za madereva na wangeweza kuwapigia. Tunawashauri wateja wetu wote sasa waige ukurasa wake mmoja, ambao yeye mwenyewe ametukubalia tuutolee kopi.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Karatasi ya laki nne ingeweza kufunga mlango kabisa iwapo Bi. M. mwenyewe angeletewa kalamu akiwa amelewa dawa za maumivu, naye akasaini. Kilichomnusuru ni desturi ya kumpita mgonjwa na kuzungumza na mwanamume mkubwa wa familia, desturi ambayo kwa kawaida huumiza na safari hii, kwa bahati, ikamwacha nje ya makubaliano. Siwezi kumshauri mtu ategemee bahati ya aina hiyo. Kinachoshaurika ni kupokea msaada wa aliyekosea kwa hati ya mstari mmoja inayosema “nimepokea kiasi fulani kusaidia matibabu”, bila neno “kamili” wala “sitadai”. Mwenye kenta naye alijiweka pabaya bila kujua, kwani mkataba wa bima kwa kawaida humtaka mwenye gari atoe taarifa ya ajali kwa kampuni yake na asikubali deni pembeni.

PF3 iliyojazwa kabla ya eksirei ilitugharimu muda. Kampuni ya bima iliitumia katika jibu lake la kwanza, ikihoji uvimbe umegeukaje kuwa mvunjiko wa sehemu mbili. Ripoti ya daktari bingwa iliondoa shaka hiyo, lakini dakika kumi za kutoa kopi ya fomu na kumwomba daktari wa hospitali ya rufaa aongeze alichokiona zingetosha.

Upungufu wetu sisi ulikuwa mahali pengine. Miezi mitano ya kwanza tulishughulika na mfupa na fedha, na hatukumuuliza Bi. M. analalaje. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku kwa mlio ule ule wa mlango ukiingia ndani, na alipoanza kutembea alikuwa akishuka daladala kila inapojaribu kulipita gari jingine, akilipa nauli mara tatu kwa safari moja. Aliyegundua ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyempeleka kwa mwanasaikolojia wa hospitali hiyo hiyo. Vikao sita vilimsaidia kiasi cha kupanda gari, ingawa hadi leo hakai kiti cha mbele kushoto.

Na Bw. K. hatukumuuliza kabisa. Hakuwa na jeraha, kwa hiyo hakuwa na PF3, hakuwa na faili hospitali, na kwetu alikuwa shahidi tu. Dai la gari lake alilifuatilia mwenyewe. Mwezi wa kumi tangu ajali, nilipompigia kuhusu sahihi moja iliyosalia, alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameliuza gari kwa bei ya skrepa, amehama idara ili asikutane na Bi. M. ofisini, na kwamba jioni hunywa mpaka apate usingizi. Aliamini kwamba angechepuka nusu sekunde mapema mlango usingegusa kalavati. Nilimsomea mchoro wa trafiki kwa simu, mita kwa mita, kisha nikampa miadi kwa yule yule mwanasaikolojia. Alikwenda wiki mbili baadaye, akisindikizwa na kaka mkubwa wa Bi. M.

Fomu yetu ya kumpokea mteja wa ajali sasa ina mstari ulioongezwa kwa kalamu, kwa kuwa bado hatujachapa fomu mpya: “Nani mwingine alikuwa ndani ya gari?”